Shemeji analala chumba kimoja na wanangu. Nimwambieje mume wangu?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa kiume ana miaka 10, wa kike ana 7, na mdogo wa kike ana 3. Tumepanga vyumba viwili Mbagala. Nauza samaki, kwa hiyo saa kumi alfajiri natoka kuwahi Feri, narudi jioni. Mume wangu ni fundi, naye anatoka asubuhi. Tangu mwaka uanze, mdogo wake wa miaka 22 amekuja kutoka kijijini kutafuta kazi na analala chumba cha watoto. Ni kijana mpole, watoto wanampenda, sijaona baya lolote. Lakini mwezi uliopita mtoto wa jirani alifanyiwa kitendo kibaya na mtu wa humo humo ndani, na tangu hapo silali. Nilipomgusia mume wangu alikasirika, akasema namchafulia ndugu yake. Nifanyeje niwalinde wanangu bila kuvunja undugu na bila kuwatia hofu?

JIBU: Dada yangu, nianze na usiku, kwa sababu ndio unaokunyima usingizi na ndio mwepesi kurekebisha kuliko mengine yote nitakayokuandikia. Mtu mzima asilale chumba kimoja na watoto. Ningekwambia hivyo hivyo kama aliyekuja angekuwa mdogo wako wewe wa tumbo moja, au shangazi, au mwalimu wa dini mwenye sifa njema mtaa mzima. Usiulize kwanza kama mgeni huyu ni mwema au mbaya, maana swali hilo hutalijibu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, nimekaa na watu waliofanya mambo haya, na nakiri kwamba kwa kumtazama mtu usoni siwezi kumjua. Wewe pia huwezi, na mume wako hawezi, hata kwa ndugu aliyezaliwa naye. Kwa hiyo tunaacha kumpima mtu, tunapanga nyumba.

Vyumba viwili vinatosha. Wazee wetu walikuwa na njia yao mgeni anapokuja: wanaume wanalala upande mmoja, mama na watoto upande mwingine. Mume wako alale na mdogo wake, wewe ulale na wanao watatu, mpaka kijana apate kazi na kupanga geto na wenzake. Najua ni mzigo kwa mke na mume, lakini ni mzigo wa muda. Kama hamuwezi, wahamishieni watoto wote chumbani kwenu, mkate kwa pazia, kijana akabaki na chumba chake. Nasema wote, na hapa nasisitiza, kwa sababu nyumba nyingi zinafanya nusu ya kazi: mabinti wanahamishwa, wa kiume anaachwa na mjomba, na baba mdogo, na mgeni wa msiba, eti huyo ni mwanaume mwenzao. Nimewapokea wavulana wengi waliolawitiwa na mtu waliyelazwa naye godoro moja kwa sababu hiyo tu. Kulaza mzungu wa nne, vichwa huku na miguu kule, hakuzuii kitu. Kama ni Waislamu, mnalijua fundisho la kuwatenganisha watoto malazi wakifika miaka 10, na huyo wako amefika, kwa hiyo hata yeye na dada zake wawe na mikeka tofauti ndani ya chumba hicho hicho.

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na ripoti yake ikatoka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa waliyoyapitia utotoni. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Wenzetu wa Kenya walipouliza mwaka 2010, walipata wasichana asilimia 32 na wavulana asilimia 18. Ndani ya hesabu hizo zimo kuguswaguswa na majaribio, si kubakwa peke yake. Na wengi wa watoto hao walimjua aliyewafanyia: jamaa, jirani, mpenzi, mtu mwenye mamlaka juu yao. Mtu wa kichakani tunayewatishia watoto yupo, lakini ni wachache wanaokutana naye.

Sasa nikueleze jinsi jambo hili linavyoingia nyumbani, kwa sababu ukilijua utaacha kuangalia mahali pasipo na kitu. Mara nyingi halianzi kwa nguvu. Linaanza kwa wema ambao mama aliyechoka anaushukuru. Mwenye nia mbaya anajitolea kumwogesha mtoto, kumpeleka dukani, kubaki naye wewe ukienda msibani. Anamnunulia andazi, anampa simu acheze gemu. Kisha anamjaribu kwa siri ndogo isiyo na ubaya wowote: nimekupa soda, usimwambie mama. Mtoto akiitunza, mkubwa yule amejua kwamba huyu anatunza. Zinafuata michezo ya mwili, kutekenyana, mieleka, kubebana, na mkono unaopita mahali kisha unacheka kama vile umekosea. Akifika hapo mtoto ameshanaswa, kwa sababu anaamini na yeye amekosa. Alikula andazi, alificha soda, alicheka. Anaambiwa: ukisema, mama atakupiga wewe. Na kama kwenu fimbo huja kabla ya swali, mtoto anajua kwamba hilo ni kweli.

Si kila anayempenda mwanao ana nia hiyo. Baba wadogo wengi wanawapenda watoto wa kaka zao kwa moyo safi, na watoto wanahitaji kupendwa na watu wengi. Mimi naangalia kitu kimoja kuliko vingine: je, wema huu unapenda kujificha? Mtu anayempa mwanao soda mbele yako hanisumbui. Anayempa akiwa peke yake na kumwomba anyamaze, hata kama ni soda tu, namwekea alama.

Hapa Kiswahili chetu kimetutega, na ni jambo ninalolisema kila ninapokutana na wazazi. Tunamwambia mtoto, "Hizo ni sehemu za siri." Mtoto wa miaka 7 anajua siri ni nini: ni jambo lisilosemwa. Akiguswa huko, anafanya kama tulivyomfundisha, ananyamaza. Tumeuficha mwili wake, na pamoja nao tumeyaficha yanayoupata. Nakushauri uache neno hilo kwa watoto wadogo. Sema "sehemu zako mwenyewe", na uzitaje kwa majina: uume, uke, matako. Najua majina hayo yanakwama kooni. Sisi tumelelewa na "nanii", na "huko mbele na huko nyuma". Lakini fikiria mtoto wa kiume anayemwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba mjomba anashikashika mdudu wake. Mwalimu anayesikia mdudu anadhani ni mdudu, anamwambia mtoto aende akacheze. Yule mtoto amesema, kwa lugha aliyopewa nyumbani, na hakuna aliyemsikia. Wengi hawarudii mara ya pili.

Wakati mzuri wa kufundisha ni wa kuoga, bila kuita kikao. Kwa huyu wa miaka 3: "Hapa ni mkono, hapa ni tumbo, hapa ni uke, ni wako. Mama anakuosha kwa sababu bado mdogo, na daktari anaweza kuangalia mama akiwepo. Mtu mwingine akigusa, au akitaka wewe umguse wa kwake, unakuja kuniambia." Basi. Dakika moja, kwa sauti ile ile ya kumwambia asiguse jiko. Utarudia wiki ijayo na mwezi ujao. Mtoto hatishiki na maneno yanayosemwa kwa utulivu; kinachomtisha ni mama aliyeita watoto, akafunga mlango, akaanza kwa kulia. Kwa huyu wa miaka 7, ongeza jambo la siri: "Kwetu mtoto hana siri na mkubwa. Mkubwa akikwambia usimwambie mama, hilo ndilo la kuniambia kwanza. Hata kama umekula kitu chake, hata kama ulikuwa umekosa, sitakupiga." Ukiahidi hivyo, timiza. Siku atakapokuja kukuambia kwamba amevunja chupa ya chai, atakuwa anakupima kwa jambo dogo kabla ya kukuletea kubwa.

Limebaki suala la adabu, ambalo wazazi huliogopa zaidi. Wananiuliza kama nataka watoto wawe jeuri. Hapana. Shikamoo ibaki, kupokea mzigo wa mkubwa kubaki, kutojibu ovyo kubaki. Lakini shikamoo ni haki ya mkubwa kwa mtoto. Kumkalia mapajani si haki yake. Binti yako akikataa kumkumbatia mgeni, usimsukume mbele kwa kusema "acha aibu, huyu ni baba yako mkubwa". Ukimsukuma, umemfundisha kwamba hisia zake za mwilini hazina uzito mbele ya mkubwa, na somo hilo litamkuta mahali ambapo wewe haupo. Mwambie, "Haya, mpe shikamoo tu." Inatosha na ni heshima kamili.

Na utani wa "mke wangu", "mchumba wangu". Babu na mjukuu wana utani wao toka enzi, siusemi vibaya, nami nililelewa nao. Lakini utani ule ulikuwa na mipaka: ulikuwa wa maneno, hadharani, na wa babu. Siku hizi mwenye duka anamwita mtoto mchumba, bodaboda anamwita mke wangu, na mtoto anazoea kwamba mwanaume yeyote ana haki ya kumtania kwa jambo hilo. Kwa hao sema kwa sauti ya kawaida, mtoto akisikia: "Huyu hana mchumba, ni mwanafunzi wa darasa la kwanza." Mwenye nia njema atacheka na kuacha.

Mwanao wa miaka 10 usimsahau, wala usimfanye askari wa dada zake tu. Wavulana wanakaa kimya kuliko wasichana. Tumewaambia mwanaume halii, na wanaogopa kuitwa majina mtaani hata baada ya kutendewa. Afadhali baba yake azungumze naye, wakitembea au wakitengeneza kitu pamoja, na asiache hili moja: kwamba mwili wa mtoto unaweza kusisimka ukiguswa hata kama mtoto hataki, na hilo halimfanyi kuwa alitaka. Sijui kwa nini hatuwaambii. Wengi wameishi na aibu hiyo mpaka utu uzima. Aelezwe pia kwamba na yeye hana ruhusa ya kumchezea mtoto mdogo namna hiyo. Sehemu ya yanayowapata watoto hufanywa na watoto wakubwa kidogo, waliofanyiwa au walioonyeshwa picha kwenye simu, na familia hupigwa na butwaa kwa sababu macho yote yalikuwa kwa watu wazima.

Umeniandikia kuhusu usiku, lakini mimi nilipoisoma barua yako nilisimama kwenye mchana. Unatoka saa kumi, baba anatoka, watoto wanatoka shule alasiri, wewe unafika jioni. Kijana hana kazi bado. Kwa hiyo kuna saa kadhaa kila siku ambazo mtu mzima mmoja na watoto watatu wako peke yao, na huyu wa miaka 3 huenda yuko naye kutwa. Hayo ndiyo masaa ya kupangia. Mtafutie mdogo chekechea, au mama wa jirani anayelea watoto kwa malipo kidogo, na ufike kwake bila taarifa, zaidi ya mara moja, uangalie nani mwingine anaishi pale. Wakubwa wakitoka shule wapitie kwa huyo huyo, au wakae uwanjani penye watu, mpaka urudi. Mchana mlango wa chumba ukae wazi, pazia tu, akiwemo nani na nani. Kuoga kwa mabinti kusubiri wewe urudi. Mtoto akichelewa kuoga hafi. Huyu wa miaka 7 anaweza kujiogesha, mfundishe sasa. Choo kama ni cha uani cha wapangaji wote, usiku waende wawili wawili na wewe, au weka kopo ndani. Usimtume mtoto dukani giza likishaingia kwa ajili ya vocha ya elfu moja. Siku moja moja rudi nyumbani mapema bila kusema, si kwa kuvizia, bali ili kila mtu nyumbani ajue kwamba mama anaweza kutokea wakati wowote.

Ukipata msichana wa kazi baadaye, kanuni ni hizo hizo kwake, na zimlinde na yeye, maana mara nyingi naye ni mtoto, na wasichana wa kazi wanaumizwa majumbani mwetu kwa kiasi kinachotia uchungu. Tuisheni na madrasa: nenda uone panapofundishwa, watoto wawe kundi, mlango wazi, na asiwepo anayebakizwa peke yake kila siku. Wazazi wengine huniuliza kama dawa ni kumpeleka mtoto bweni angali mdogo. Sikubaliani nao, na serikali nayo mwaka 2023 ilizuia shule za bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne pasipo kibali. Mtoto asiyeweza bado kueleza yaliyompata anahitaji kuonwa kila siku na mtu anayemjua vizuri kiasi cha kutambua amebadilika.

Simu nalo ni jambo fupi. Simu ichezewe sebuleni au barazani, si chini ya shuka. Mtu mzima anayemwonyesha mtoto picha za ngono hana kisingizio cha kukosea, chukulia kwamba ameanza. Na ikitokea picha au ujumbe mbaya umemfikia mtoto, usiufute na usiusambaze hata kwa ndugu ili waone. Picha za ngono za watoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa anayezichapisha na kwa anayezisambaza. Peleka simu yenyewe polisi.

Dalili nitakupa, lakini zishike kwa mkono mwepesi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akarudia, anayekataa ghafla kubaki na mtu fulani, anayeshtuka akivuliwa nguo, anayecheza michezo ya ngono kwa ufundi usio wa umri wake, mwenye maumivu akikojoa au akikaa, mwenye uchafu au damu kwenye nguo ya ndani, mwenye pesa au zawadi asizoweza kueleza. Kuwashwa nyuma kunaweza kuwa minyoo. Kukojoa kitandani kunaweza kuwa ni kwa sababu mmehama au mmegombana mbele yake. Na wako watoto walioumizwa ambao hawakuonyesha dalili yoyote, waliendelea kuwa wa kwanza darasani. Ndiyo maana nimetumia maneno mengi kwenye kumfungua mtoto mdomo na machache kwenye kumchunguza.

Na akisema? Nakuombea usifike hapo, lakini mama wa jirani yako naye hakutarajia. Kaa chini. Uso wako ndio atakaousoma kwanza. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nakuamini." Kisha, "Niambie ilikuwaje," na unyamaze. Usimtajie majina, usimuulize "ni baba mdogo, eti?", usimwite shangazi na bibi aanze kurudia mbele yao, maneno ya mtoto yakichanganywa na ya wakubwa yanapoteza nguvu baadaye. Usiseme "kwa nini hukusema siku zote?" Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utamwambia. Na usimrukie mtuhumiwa kwa panga wala kumwitia kundi la watu.

Kama tukio ni la karibuni, usimwogeshe, ijapokuwa mikono yako itataka kufanya hivyo kabla ya jambo lolote. Nguo alizovaa zisifuliwe; ziweke kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni inatunza unyevu na kuharibu ushahidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na hutumiwa siku 28. Kwa msichana aliyevunja ungo kuna dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ndiko utakapopata fomu namba 3, PF3, ambayo daktari anaijaza. Hali ikiwa mbaya au kituo kikiwa mbali, tangulia hospitali. Matibabu hayapaswi kusubiri karatasi. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa mahali pamoja ili mtoto asizungushwe. Dar es Salaam kipo Amana, na Zanzibar kipo Mnazi Mmoja. Daktari akikwambia haoni jeraha, usirudi nyumbani ukidhani mtoto amedanganya. Watoto wengi walioumizwa kweli wanapopimwa huonekana wazima, hasa siku zikishapita.

Halafu watakuja wazee. Watakuja usiku, kwa upole, na maneno ya undugu, na pengine na hela. Visiwani wanaliita muhali, ile aibu ya kumkabili mtu wa karibu. Huku bara tunasema tuyamalize kifamilia. Sina maneno laini kwa hilo. Kila jambo la aina hii nililoona likimalizwa sebuleni, mtoto ndiye aliyehama nyumba, na mkosaji alibaki akala Idi na Krismasi na familia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aziripoti kwenye serikali ya mtaa, kwa hiyo hata jirani ana wajibu. Kubaka adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Wazee watakuambia hakuna shahidi. Sheria yetu ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa haya, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli.

Nirudi kwa mume wako, kwa sababu yote haya yanapita mlangoni kwake. Ulipomgusia, nadhani alisikia kwamba unamwita ndugu yake mbakaji, na mwanaume gani hatakasirika? Usianze na ndugu. Subiri ameshakula, watoto wamelala, usimtaje kijana kabisa. Mwambie, "Baba nanii, tangu ya mtoto wa jirani nimepata hofu. Nataka tuweke utaratibu wa nyumba yetu kwa kila mgeni, wa kwako na wa kwangu. Mdogo wangu akija Desemba naye hatalala na watoto." Sehemu hiyo ya mdogo wako usiiache, na umaanishe. Kisha mpe hili alifikirie: yakitokea maneno mtaani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni kijana anayelala na watoto, awe amefanya au hajafanya. Malazi tofauti yanamlinda hata yeye. Mwanaume anayempenda mdogo wake ataliona hilo.

Mume wako ndiye amwambie mdogo wake, usimwambie wewe. "Watoto wamekua, tumeamua walale na mama yao. Wewe na mimi huku." Haina haja ya maelezo zaidi. Kijana asiye na neno atahamisha mkeka wake na pengine atafurahi kulala bila kukojolewa. Akilalamika siku mbili tatu, ni ubinadamu. Akiendelea kutafuta njia ya kurudi kwa watoto, akiwavuta faraghani, akivunja ule utaratibu wa mlango wazi mkiwa hampo, hapo mna la kuzungumza upya, na hapo mtafutieni pa kuishi kwingine haraka bila kusubiri ushahidi.

Fanyeni kuhama malazi Jumamosi hii, mume akiwa nyumbani, mchana, watoto wakisaidia kubeba mikeka. Jioni wakati wa kuoga anza na yale majina ya mwili. Na mkubwa mfundishe namba 116, Simu kwa Mtoto, aijue kwa kichwa kama anavyojua jina la mwalimu wake: inapigwa bure, simu isiyo na salio inaipiga, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kuomba ruhusa ya mtu.